Ukuta Haulei Mtoto

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Kwa kadiri nijuavyo, walikuwa wakiutaja mkono wa mama, wa nyanya, wa shangazi, wa jirani, na wa mtu mwingine yeyote aliyekuwa karibu wakati mtoto alipolia. Lakini ukitazama jinsi fedha za umma zinavyotumiwa kwa ajili ya watoto wadogo katika nchi yetu, utadhani wahenga walisema kwamba ukuta mmoja watosha kulea mwana.

Alfajiri moja nilikuwa katika soko moja la Nairobi, wakati malori ya mboga yashushapo mizigo kabla jua halijatoka. Nikamkuta mama mboga mmoja akifunga mafungu ya sukuma wiki, mtoto wake amelala mgongoni. Nikamwuliza atakaa naye hapo mpaka saa ngapi.

"Hakai hapa, ndugu yangu," akanijibu bila kuacha kazi. "Nikimaliza nampeleka kwa mama mmoja mtaani anayetunza watoto. Wako kama ishirini katika chumba kimoja cha mabati. Mama mwenyewe si mtu mbaya, lakini yuko peke yake. Nasikia wako wengine ambao huwanywesha watoto dawa ya mafua ili walale. Basi mimi jioni nikimchukua wangu, kwanza namtazama macho."

Kwanza namtazama macho! Maneno hayo yamenikaa moyoni tangu siku hiyo. Mama huyu si mvivu wala si mpumbavu. Analipa kila siku kutokana na faida ya sukuma wiki, na bado hana hakika kwamba atamkuta mtoto wake kama alivyomwacha.

KATIBA HAIKUMSAHAU

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 haikumsahau mama huyu. Katika Jedwali la Nne, pale zinapotajwa kazi za serikali za kaunti, elimu ya chekechea imewekwa katika mstari mmoja na vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani na vituo vya kutunzia watoto. Tazama vizuri, msomaji mpenzi. Kufunza na kutunza viliandikwa mahali pamoja. Na ndivyo ipasavyo, kwa maana mtoto wa miaka mitatu hajui tofauti baina ya mambo hayo mawili. Akifutwa kamasi huku akiambiwa jina la pua, amefunzwa. Akiimbishwa wimbo mpaka akasinzia, ametunzwa.

Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zikaushika mstari huo, lakini zikaushika kwa upande mmoja. Zilijenga. Sitaki kuwa mnyimi wa sifa: kabla ya hapo watoto wengi walisomea chini ya miti, makanisani, au katika chumba ambacho shule ya msingi haikukihitaji. Leo ukipita mashambani utaona madarasa ya chekechea yaliyopakwa rangi za kupendeza, yenye picha za twiga na herufi ukutani. Hilo ni jambo jema, na wanaostahili shukrani washukuriwe.

Lakini darasa lina sifa moja ambayo wanasiasa wanaipenda mno: linaonekana. Darasa lina jiwe la msingi lenye jina la mtu. Lina utepe wa kukatwa, na siku ya kukatwa huja ngoma na wapiga picha. Mwalimu hana utepe. Kikombe cha uji hakichongwi jina la gavana. Ndiyo sababu fedha hupata njia ya kufika kwa fundi mwashi upesi, na zikielekea kwa mwalimu zikapotea njia.

MWALIMU WA MKATABA

Mwalimu wa shule ya msingi na wa sekondari huajiriwa na kulipwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Mwalimu wa chekechea huandikishwa na tume hiyo hiyo, lakini mshahara wake hutoka kwenye kaunti. Zimo kaunti ambazo zimewapa walimu wao kazi ya kudumu, na heshima ni yao. Lakini wengi wamekaa miaka kadha wa kadha kwa mikataba ya muda, na mara nyingi tumewaona wakiandamana wakidai mishahara yao na masharti ya kazi yaliyo sawa na ya wafanyakazi wengine. Mtu tunayemkabidhi mtoto katika umri ambao akili yake inakua upesi kuliko wakati mwingine wowote, ndiye tunayemlipa kama kibarua wa kupalilia.

Na mtoto mwenyewe je? Kwa miaka mingi serikali kuu imeweka kiwango cha Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma, na Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Viwango hivyo vyaweza kuwa vidogo, na fedha zenyewe zaweza kuchelewa, lakini mzazi anavijua na anaweza kuvidai. Mtoto wa chekechea hana kiwango chochote kama hicho kilichowekwa kwa nchi nzima. Katika mwaka wa fedha wa 2023/2024 kaunti zote 47 ziligawiwa Sh385.4 bilioni kutoka hazina kuu, na mgao huo haukuwa na masharti: ni kila kaunti na bunge lake kuamua ni kiasi gani kiende kwa barabara, zahanati, mishahara, na watoto. Katika mashindano hayo mtoto wa miaka minne ndiye asiyeweza kupiga kelele wala kupiga kura.

Haya si mambo mapya. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo mwezi wa Januari 2003, sote tulishangilia, na ilistahili kushangiliwa. Lakini chekechea iliachwa nje. Wazazi waliendelea kulipa karo ya nasari huku darasa la kwanza ni bure. Matokeo yake, baadhi yao waliwaweka watoto nyumbani wakingoja umri wa kuingia shule ya bure. Tulifungua mlango wa nyumba tukasahau ngazi.

Mwaka 2019 mtaala mpya ukaanza kufuatwa kote nchini, na miaka miwili ya chekechea ikatambuliwa rasmi kuwa mwanzo wa elimu ya msingi. Mwaka 2021 ikaja sheria inayohusu elimu ya watoto wadogo, ikazitwika kaunti wajibu huo waziwazi. Kwa hiyo sheria tunayo, mtaala tunao, na ukuta tunao. Kilichobaki ni fungu la fedha lenye jina la mtoto.

MIAKA MITATU NA MIEZI TISA

Sasa tufanye hesabu kidogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Mtoto huingia mwaka wa kwanza wa chekechea akiwa na umri wa miaka minne. Baina ya miezi mitatu na miaka minne pana miaka mitatu na miezi tisa. Katika muda huo wote, mtoto ni wa nani wakati mama yuko kazini? Na mama mboga wetu hana hata ile miezi mitatu, kwa sababu sukuma wiki haina likizo.

Hapa ndipo nusu ya pili ya ule mstari wa Katiba ilipolala usingizi. Vituo vya kutunzia watoto vimeachiwa wanawake maskini wa mitaa ya mabanda, ambao wanafanya wawezavyo katika vyumba vya kupanga, bila mafunzo, bila choo cha watoto, bila mtu wa kuwapokea hata saa moja. Afisa akifika, mara nyingi huwa amekuja kufunga, si kusaidia. Na kituo kikifungwa, watoto hawapotei hewani. Huhamishiwa chumba kingine kilicho na giza zaidi.

Najua atatokea mtu wa kuniambia kwamba kulea ni kazi ya mzazi, na kwamba zamani watoto walilelewa bila serikali kutoa hata senti. Ni kweli. Lakini zamani mtoto alikuwa na nyanya karibu na moto wa jioni, akimtegea vitendawili na kumsimulia hadithi za sungura na fisi. Hiyo ilikuwa ndiyo nasari yetu, na nyanya alikuwa mwalimu asiyedai mshahara. Leo nyanya yuko mashambani na mjukuu yuko mjini. Na mara nyingi nyanya mwenyewe bado anavunjika mgongo shambani kwa mtu. Hatuwezi kuivunja nyumba ya zamani kisha tumlaumu mtoto kwa kunyeshewa.

Isitoshe, historia yetu wenyewe inatufunza. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, watu wa sehemu za kati walipokusanywa kwa nguvu katika vijiji vya serikali ya mkoloni na wanawake kupelekwa kazi za lazima, palihitajika mahali pa kuwaweka watoto wao. Hayo ni baadhi ya mashina ya vituo vya watoto nchini. Baada ya uhuru wananchi wakajenga nasari kwa moyo wa Harambee. Hata serikalini, chekechea ilikuwa chini ya wizara iliyohusika na utamaduni na huduma za jamii mpaka mwaka 1980, ilipohamishiwa Wizara ya Elimu. Tangu mwanzo jambo hili lilizaliwa kwa sababu mama yuko kazini. Tulipolipeleka shuleni tukaanza kusahau kwamba lilikuwa pia jambo la malezi.

MFANO WA MOMBASA

Wanaosema kwamba haiwezekani waende Mombasa. Huko, katika miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu walitaka watoto wao wapate matayarisho ya shule bila kuacha mafunzo ya dini yao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na kwa uongozi wa Bi. Swafiya Said, pakaanzishwa chekechea za madrasa. Hawakuanza kwa kumwaga saruji. Walianza kwa kuwachukua wanawake wa mitaa hiyo hiyo na kuwafunza kazi. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya mahali pale, kama vifuu vya nazi, na nyimbo zikawa zile ambazo watoto walizisikia nyumbani. Mpango huo ukaenea mpaka Zanzibar na Uganda. Huo ni ushahidi kwamba ukimwinua mwalimu, hata chumba kikuukuu huwa shule.

Na kuhusu chakula, wazee wanaukumbuka mpango wa maziwa ya Nyayo ulioanzishwa mwaka 1979, na jinsi watoto walivyokimbilia shule kwa ajili ya pakiti ile ndogo. Mwaka 2023 Nairobi ilianzisha mpango wa chakula cha mchana ambao mtoto wa shule ya umma, pamoja na wa chekechea, hula kwa shilingi tano. Mtu aweza kuubishania mpango huo kwa namna nyingi, lakini jambo moja halina ubishi: mtoto mwenye njaa hawezi kusoma picha ya twiga ukutani, hata ikiwa imechorwa vizuri namna gani.

Basi tufanye nini? Kwanza, mtoto wa chekechea awekewe kiwango chake cha fedha kwa mwaka, kijulikane nchi nzima kama kile cha shule ya msingi, na zitumwe kwa kaunti kwa masharti kwamba zisigeuzwe kuwa changarawe ya barabara. Pili, mwalimu wa chekechea aajiriwe kwa kudumu, alipwe kila mwezi kama mwalimu. Tatu, kabla ya kaunti kuweka jiwe jingine la msingi, ionyeshe kwanza jina la mwalimu atakayeingia humo na sufuria ya uji itakayopikwa humo. Nne, kila soko kubwa linalojengwa kwa fedha za umma liwe na chumba cha watoto, kama vile lilivyo na vyoo na mabomba ya maji. Na wale mama wa vyumba vya mabati waandikishwe, wafunzwe, na wasaidiwe, maana wao ndio wanaoshikilia kazi ambayo Katiba iliwapa wengine.

Wakuu watasema fedha hazitoshi. Hazijatosha tangu uhuru, na hata hivyo kila mwaka tunaona zikitosha kwa mambo mengine. Methali yetu inasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeugeuza msemo huo: tumejenga ukuta ili tusiuzibe ufa. Na ufa wenyewe una upana wa miaka mitatu na miezi tisa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtoto yuko chini, hafiki hata magotini pa mkuu anayekata utepe. Anayetaka kumfikia hana budi kuinama, amwone usoni. Yule mama mboga huinama kila jioni akamtazama mwanawe macho. Siku serikali zetu zitakapoinama pamoja naye, huenda na yeye akamchukua mtoto wake, akambeba mgongoni, akaenda zake nyumbani kupika bila ya kumchunguza kwanza.