Ekzosi ya Kelele Haibebi Nyanya

Vijana, pikipiki ya shambani kazi yake ni kuvuta mzigo. Sasa naona mnafunga ekzosi ya kelele, mnang'oa chujio la hewa, halafu kabureta mnaiacha vilevile. Hapo hewa inazidi petroli, injini inachemka, na pistoni inaweza kuungua kreti za nyanya zikiwa bado njiani. Na lile vumbi letu? Bila chujio linakula silinda na ringi taratibu.

Umeshabadilisha? Fundi akuwekee jeti kubwa kidogo, kisha mfungue plagi: ikiwa nyeupe, petroli haitoshi, nyeusi yenye masizi, imezidi, kahawia, hapo sawa.

Mimi ningerudisha chujio, nikaweka sproketi kubwa ya nyuma. Spidi itapungua, lakini mlima utapanda na mzigo wako.