Wauza dawa washirikishwe kwenye chanjo

Mhariri,

Huku Masakta, mtoto akichemka usiku mama hukimbilia kwanza duka la dawa muhimu. Juzi nilimkuta mama kaegemea kaunta, binti yake pembeni, akiuliza kama chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi itamfunga mtoto uzazi. Muuzaji aliacha kuhesabu vidonge, akamjibu taratibu: haifungi, na tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mama alishusha pumzi.

Sisemi wauzaji wachome sindano. Chanjo hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu hukatika. Ila naomba sana wapewe ratiba na mafunzo, wakague kadi za kliniki, wawaelekeze wazazi zahanati.

Msomaji,
Masakta, Hanang