Usingoje Ilhamu

Wako wanafunzi wasemao kwamba kuandika ni kipawa cha wachache, na kwamba asiyejiwa na ilhamu hana budi kungoja. Msomaji kijana, usiyasadiki maneno hayo. Huo ni uvivu uliovikwa joho la hekima. Mkulima hangoji hamu ndipo ashike jembe. Hulishika kwa kuwa msimu umefika.

Wadai huna nafasi? Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, na kazi hiyo haikumzuia kutunga. Wadai huna vifaa? Ngũgĩ wa Thiong'o, alipozuiliwa bila kushtakiwa katika gereza la Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya nzima kwa Kigikuyu juu ya karatasi za chooni. Wewe una daftari, tena u huru.

Basi tenga robo saa kila siku. Andika ukurasa mmoja juu ya jambo uliloliona kwa macho yako: bei ya unga dukani, mto uliokauka, ugomvi wa majirani. Ukurasa mbaya husahihishika. Ukurasa mtupu hausahihishiki. Kila Ijumaa mpe mwenzako asome, maana ajuaye kwamba anangojewa hazembei.

Haba na haba hujaza kibaba: ukurasa kwa siku ni kurasa 365 kwa mwaka. Na asiyeandika habari za kwao asilalamike mgeni atakapoziandika, tena kwa kuzipotoa.