"Itaendelea" ya kulipia: Jinsi wafuasi wa bure wanavyogeuka wanachama

Uko kwenye daladala, bando linaelekea kuisha, unasoma simulizi Facebook. Sehemu ya 14. Mke amefungua mlango wa chumba cha mgeni, akamkuta... Hapo hapo inakatika. Chini kuna namba ya simu na ujumbe mfupi: yote mpaka mwisho ni buku mbili tu, njoo WhatsApp.

Kama umewahi kuituma hiyo buku mbili, hukununua hadithi tu. Umeingia kwenye biashara ambayo watengeneza maudhui duniani kote wanahangaika kuijenga: kumtoa mtu kwenye kutazama bure na kumfanya mwanachama anayelipa. Sisi tumeijenga kivyetu, kwa magrupu ya WhatsApp na Lipa Namba.

Swali ni hili: kwa nini mwenye wafuasi 4,000 anaweza kulipa kodi ya nyumba kwa kazi hii, wakati mwenye laki mbili bado anaomba kurushiwa bando?

Matangazo hayawatoshi wengi

Njia ambayo wengi huanza nayo ni matangazo. Ili upate mgawo wa matangazo YouTube, unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90.

Ukivuka hapo, hela inategemea watangazaji wanalipa kiasi gani kuwafikia watazamaji wako. Mtazamaji wa Marekani ana bei kubwa kuliko wa Mbagala au Kisumu. Kwa hiyo unaweza kutazamwa sana kwa Kiswahili na bado upate kidogo.

Ndiyo maana wengi wameanza kuuliza swali jingine. Badala ya "wangapi wananiona?", wanauliza "wangapi wangelipa nikiacha kuwapa bure?"

Hesabu ya watu wachache

Mwaka 2008, mwandishi wa Marekani Kevin Kelly aliandika makala iliyokuja kuwa maarufu sana. Hoja yake: msanii hahitaji mamilioni ya watu. Akiwa na mashabiki wa kweli 1,000, kila mmoja akimpa faida ya dola 100 kwa mwaka, anaishi.

Kwetu dola 100 ni hela ndefu. Ila hesabu bado inakubali ukishusha bei. Chukua mwandishi wa simulizi mwenye wanachama 300, kila mmoja analipa 2,000 kwa mwezi. Hiyo ni laki sita. Kati ya wafuasi 10,000, anahitaji watatu tu kwa kila mia.

Watatu kwa mia wanasikika wachache, lakini kuwapata ni kazi. Kulaiki hakuna gharama. Kutuma hela kunadai uaminifu.

Tunalipa kama tunavyonunua bando

Patreon, iliyoanza 2013, inafanya kazi kwa kadi: unajiunga mara moja, kila mwezi unakatwa wenyewe. Substack nayo inachukua asilimia 10 ya ada na kupitisha malipo kwa kampuni ya Stripe, ambayo mwandishi aliyeko Tanzania hawezi tu kuamka asubuhi akafungua akaunti yake. YouTube hubaki na asilimia 30 ya ada za uanachama.

Huku watu wengi hawana mazoea ya kukatwa hela kimya kimya. Tunanunua umeme wa LUKU wa elfu tano, bando la wiki, mafuta ya kupikia ya kupima. Tunalipa tukiwa nacho. Ndiyo maana grupu la "buku kwa wiki" linapata watu kirahisi kuliko uanachama wa mwaka, hata kama mwaka ungekuwa nafuu.

Hela ya simu, iwe M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas, inamfikia mtengeneza maudhui moja kwa moja, bila kusubiri malipo kutoka nje. Gharama yake ni jasho. Kila mwisho wa wiki lazima akumbushe, akague meseji za malipo, atoe ambao hawajalipa, apokee wapya. Grupu moja la WhatsApp linabeba watu 1,024 tu. Ukifika mia tano, wewe si mwandishi tena, ni karani.

Kinacholipiwa hasa

Wengi wanadhani watu wanalipia siri au taarifa adimu. Angalia madarasa ya keki. Vipimo vya unga na mayai vipo bure YouTube, kwa Kiswahili kabisa. Anayelipa elfu kumi kuingia darasa la WhatsApp analipia mtu wa kumjibu pale keki yake inapobonyea katikati saa mbili usiku. Analipia pia wenzake 40 wanaotuma picha za keki zilizoungua, akajua hayuko peke yake.

Kwenye simulizi ni hivyo hivyo. Mwanachama anasoma mapema, anabishana na wenzake kuhusu nani kamuua nani, na mwandishi anaingia kujibu. Hapo ndipo wafuasi wanageuka jamii: wanapoanza kuongea wao kwa wao, siyo na mwenye ukurasa peke yake.

Panapovuja

La kwanza ni wizi. Mwanachama mmoja akisambaza PDF, jioni ipo kwenye magrupu kumi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi, lakini kumpeleka mtu mahakamani kwa kazi ya buku mbili ni kujiongezea hasara.

La pili ni utapeli. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa elfu tano kuingia grupu la kufundishwa kuhariri video. Masomo mawili, kisha admini akalifunga na namba haikupatikana tena. Sikuripoti popote, kwa elfu tano tu. Na wanaoishi kwa utapeli wanaitegemea sana hiyo "tu" ya kwangu na ya kwako. Magrupu ya mikeka ya "uhakika" ni balaa zaidi, maana huko anayelipa anauziwa matumaini, halafu anapoteza mara mbili.

La tatu ni namba yako. Kwenye grupu la kawaida kila mwanachama anaiona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na anayekusanya namba na majina ya wateja anapaswa kuifahamu.

La nne ni serikali. Kenya iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni mwaka 2023, baada ya pendekezo la asilimia 15 kupingwa. Tanzania nayo ilifuata na asilimia 5 kupitia Sheria ya Fedha ya 2024.

La tano ni ardhi unayojengea. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa Tanzania. Waliokuwa na wafuasi wao huko tu walibaki bila njia ya kuwafikia wengi wao. Aliyekuwa na orodha ya namba za wateja wake aliendelea na kazi.

Kabla hujafungua grupu, kabla hujatuma hela

Kwa anayetaka kuanza: toa bure kwa muda mrefu kuliko unavyotamani. Ahidi kitu kimoja, kwa siku maalumu, na usikose hata mara moja. Anza na watu 20 unaoweza kuwajibu wote. Hifadhi orodha yako nje ya mtandao wowote.

Kwa anayelipa: angalia amekuwepo kwa muda gani na kama anajibu komenti za watu wanaomlalamikia. Lipa wiki moja kabla ya mwezi. Jina linalotokea kwenye malipo likiwa tofauti na la ukurasa, uliza kwanza.

Mwenye simulizi ya sehemu ya 14 anajua kitu ambacho wengi wenye laki mbili hawajakishika. Ukimkatia mtu hadithi, atalipa mara moja. Atarudi kulipa tena ikiwa sehemu ya 15 ilifika siku ileile uliyosema.