Mwenye njia asichague mizigo

Mwananchi anaponunua huduma ya intaneti, hununua njia. Ni juu yake kuamua atapitisha nini humo: barua, masomo, hesabu za duka au habari za ulimwengu. La kusikitisha ni kwamba njia hiyo huziba mara kwa mara, na akiuliza sababu huambiwa avute subira.

Tunakubali kwamba zipo hitilafu zisizoepukika. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota nchini na katika mataifa jirani. Hilo twaweza kulistahimili.

Lisilostahimilika ni kampuni kukawiza huduma moja kwa siri ili kuipisha nyingine. Nchini Marekani, mwaka wa 2007, ilibainika kwamba Comcast iliwavuruga wateja waliotumia programu ya BitTorrent bila kuwaarifu. Tangu hapo mvutano haujaisha. Kanuni za kuhakikisha usawa zilipitishwa 2015, zikafutwa 2017, zikarejeshwa 2024, kisha mahakama ya rufani ikazitangua Januari 2025. India nayo, Februari 2016, ilizipiga marufuku kampuni kutoza bei tofauti kulingana na kile mteja anachotazama au kusoma.

Kampuni hujitetea kwamba aliyegharamia mitambo ndiye anayestahili kuisimamia, na kwamba msongamano sharti upangwe. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kupanga foleni si sawa na kuuza nafasi za mbele. Kijana wa Kisumu aliyebuni programu yake atashindanaje na matajiri wa ng'ambo iwapo daima atawekwa nyuma?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa, pamoja na maelezo ya kumwezesha kuifaidi kikamilifu. Wahenga walinena kuwa kinyozi hajinyoi. Hatutarajii kampuni zijichunge zenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano haina budi kuzishurutisha zitangaze waziwazi ni huduma zipi zinazokawizwa, lini na kwa nini.

Intaneti inapokwama, mteja aambiwe kama ni waya uliokatika au ni mkono wa mtu. Ameshalipa; ukweli asinyimwe.