Baraza Lisilo na Mlango

Wenzetu waliosoma kitabu cha Matendo ya Mitume watakumbuka ya kuwa Paulo alipokuwa Athene alihojiana na Wastoiko. Jina la watu hao halikutoka kwa mwalimu wao, bali lilitoka katika jengo. Wayunani wa kale waliliita stoa, na jina hili lisimdanganye karani yeyote akadhani ni ghala ya majembe na karatasi. Lilikuwa baraza hasa: ukuta mmoja mrefu kwa nyuma, safu ya nguzo kwa mbele, na paa juu. Upande wa mbele hapakuwa na mlango. Aliyekimbia jua au mvua aliingia, wala hakuulizwa haja yake.

Baraza la namna hiyo lilibeba kazi nyingi. Katika lile lililoitwa Baraza la Picha palikuwa na picha ya vita vya Marathon, na ngao walizonyang'anywa Wasparta mwaka 425 kabla ya Kristo zilitundikwa pale. Huko huko, karibu na mwaka 300, Zeno wa Citium, mgeni kutoka Kipro asiyekuwa raia wa Athene, alifundisha huku akitembea kati ya nguzo, na wanafunzi wake wakapata jina tulilolitaja. Baraza la kusini lilikuwa na vyumba vya kulia chakula, na humo limeonekana jiwe lenye kumbukumbu ya wakaguzi wa vipimo. Attalus wa Pili, mfalme wa Pergamon, aliwazawadia Waathene baraza la orofa mbili lenye maduka 42. Hilo lilijengwa upya kati ya 1953 na 1956 likawa jumba la makumbusho, na tarehe 16 Aprili 2003 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi pale mkataba wa kuyaingiza mataifa 10 katika umoja wao.

Lakini lituhusulo sisi wenye kushika kalamu ni dogo kuliko hayo yote, nalo ni Baraza la Mfalme, lenye urefu upatao mita 18, lililofukuliwa mwaka 1970. Mfalme huyo hakuwa mfalme ila kwa jina. Alikuwa mkuu wa mwaka mmoja, mwenye kuangalia mambo ya ibada na kupokea mashitaka ya mauaji. Kwake ndiko alikokwenda Socrates mwaka 399 kujibu shitaka la kuivunjia miungu heshima. Mbele ya baraza lipo jiwe kubwa hata leo. Wakuu wa mji walipanda juu yake wakaapa kwamba watazifuata sheria wala hawatapokea zawadi kwa ajili ya kazi yao, na atakayepokea atatoa sanamu ya dhahabu. Hawakuapa chumbani, waliapa mbele ya wapita njia.

Sheria nazo zilikuwa pale. Mwaka 409 waandishi waliamriwa kuchonga jiweni sheria ya Draco juu ya mauaji, na kuisimamisha mbele ya baraza hilo. Miongoni mwa waandishi wa miaka ile alikuwako Nicomachus. Alipewa miezi 4 kunakili sheria za Solon. Kazi ikachukua miaka 6. Mshitaki wake alisema ya kuwa aliongeza sheria hii na kufuta ile kwa fedha, hata wenye kesi wakaleta mahakamani sheria zilizopingana, kila upande ukisema umezipata kwake. Hotuba ya mshitaki, iliyotungwa na Lysias, imehifadhiwa. Ya utetezi haikuhifadhiwa, basi hatumhukumu. Pengine kazi ilikuwa kubwa kuliko muda, na wengi wetu twaijua hali hiyo. Walakini shitaka kama lile lingewezaje kuaminika, kama kila mtu angaliweza kwenda barazani akasoma mwenyewe?

Hatusemi kwamba Athene ulikuwa mji wa haki tupu. Wanawake, watumwa na wageni kama Zeno hawakuwa na sauti katika mkutano wa raia.

Chama chetu kina kanuni zake na daftari ya ada, navyo hukaa kabatini. Katika mkutano mkuu ujao tutaleta shauri kwamba nakala ya kanuni, pamoja na hesabu ya kila miezi mitatu, zibandikwe barazani upande wa nje, mahali ambapo mwanachama hana haja ya kumwomba mtu ufunguo.