Mama akitaka simu kubwa, baba aulize sababu kwanza

Mume na mke mmoja, wakazi wa Tandika jijini Dar es Salaam, walinuniana wiki mbili kwa sababu ya simu ambayo hata haijanunuliwa.

Mke, fundi cherehani mwenye umri wa miaka 44, alisema anataka simu yenye kioo kikubwa. Aliyokuwa nayo ilikuwa nzima. Inapiga, inapokea, inaingia WhatsApp na chaji yake inakaa mpaka jioni. Mume, ambaye ni fundi umeme, hakuona sababu ya kutoa Sh450,000 wakati simu ipo, na mwezi unaofuata mwenye nyumba anataka kodi yake ya miezi sita.

Lakini bei haikuwa jambo lililomkera zaidi. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiona vitu visivyomkaa vizuri. Meseji ikiingia usiku, mkewe anainuka na simu na kwenda barazani. Akikaa karibu naye, simu anaishika mbali, mkono umenyooka, kama mtu anayeficha. Mara nyingine anamwita binti yao wa kidato cha pili chumbani, wanainamia simu pamoja na kunong'onezana. Baba akayakusanya yote hayo, akaongeza na ombi la simu mpya, akapata jibu lake mwenyewe.

"Simu kubwa ya kuongea na nani?" aliuliza siku moja, watoto wakiwa wamekaa hapo hapo.

Mke hakujibu. Aliondoa vyombo, akaenda kulala. Tangu siku hiyo salamu ndani ya nyumba ikawa ya kulazimishana.

Aliyevunja ukimya ni binti. Jioni moja baba yake akimkaripia kwa kushika simu ya mama yake, mtoto alishindwa kuvumilia. "Baba, mama haoni maandishi. Meseji zake zote namsomea mimi," alisema.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kueleweka. Mama alikuwa anatoka barazani kwa sababu taa ya nje ina mwanga mkali kuliko ya chumbani. Alikuwa ananyoosha mkono kwa sababu simu ikisogea mbali, herufi zinakaa sawa. Kazini, uzi kwenye sindano alikuwa anatungiwa na msichana anayejifunza ushonaji.

Na kulikuwa na jambo zito zaidi, ambalo hata binti hakulijua. Miezi miwili nyuma mama huyo alituma Sh80,000 za vitambaa kwa njia ya simu. Katika namba aliyoandikiwa kwenye meseji, alisoma 3 akidhani ni 8. Jina la mpokeaji lilijitokeza kwenye kioo kabla ya kukamilisha, ila hakuweza kulisoma, akaweka namba ya siri. Alipogundua kosa, aliyepokea alikuwa ameshazitoa kwa wakala. Hakumwambia mtu. Alishona mpaka usiku wa manane kwa wiki kadhaa kuirudisha hela hiyo, kwa macho yale yale.

Mume alipoyasikia yote alisema, "Ungeniambia."

Mke akamjibu, "Ningekwambia, ungesema mimi mzembe wa hela. Na ningesema sioni, ungeniita bibi."

Macho yakifika miaka 40

Kilichompata mama huyu humpata karibu kila mtu anayeanza kuvuka miaka 40. Ndani ya jicho kuna lenzi. Mtu akiwa kijana, lenzi hiyo ni laini na hujibadilisha umbo kwa urahisi pale anapoangalia kitu cha karibu. Kadiri miaka inavyokwenda inakakamaa, na vitu vya karibu vinaanza kuonekana kwa ukungu. Wataalamu wa macho wanaiita hali hiyo presbiopia. Haiji kwa sababu mtu ameangalia simu sana, wala si adhabu ya kazi ya cherehani. Ni umri tu, kama mvi.

Dalili zake zinafahamika. Mtu anasogeza gazeti au simu mbali. Anatafuta mwanga mwingi kuliko zamani. Akisoma kwa muda kichwa kinauma au macho yanachoka. Uzi hauingii kwenye sindano, na mchele unachambuliwa lakini mawe yanabaki.

Katika ripoti yake kuhusu uoni ya mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa watu bilioni 1.8 wana hali hiyo, na kwamba milioni 826 kati yao wanashindwa kuona vizuri karibu kwa sababu hawajapata miwani inayowafaa. Wengi wapo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa watu wenye kazi zinazohitaji kuona karibu, wakiwamo mafundi wa kushona, walipopewa miwani ya kusomea kipato chao kilipanda kwa takriban theluthi moja ndani ya miezi minane. Kwa hiyo kwa fundi cherehani miwani ni kitendea kazi kama mkasi.

Ni kweli kwamba miwani ya kusomea inauzwa hata barabarani kwa bei ndogo, na wengi huanza nayo. Hata hivyo, ni vyema mtu apimwe kwanza. Kliniki ya macho inaweza kugundua na mengine, kama presha ya macho, ambayo mwanzoni haina maumivu wala dalili, au madhara ya kisukari. Aliyejichagulia miwani kwenye meza ya machinga ataona herufi, lakini ugonjwa utaendelea kimyakimya.

Kioo kikubwa si lazima kiwe na herufi kubwa

Familia nyingi zinaamini kuwa simu ikiwa kubwa na maandishi yanakuwa makubwa. Si lazima iwe hivyo.

Ukubwa wa kioo cha simu hupimwa kwa inchi, kutoka kona moja hadi kona ya pili kwa mshazari. Simu ya kwanza ya iPhone, mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5. Mwaka 2011 Samsung walipotoa Galaxy Note yenye inchi 5.3, watu waliicheka kwamba ni kubwa mno kuwekwa sikioni. Leo simu nyingi za kawaida madukani zina inchi 6 na zaidi, na hakuna anayecheka.

Lakini sehemu kubwa ya inchi hizo imeongezeka kwa urefu. Kioo cha inchi 5.5 cha umbo la zamani, lenye uwiano wa 16 kwa 9, kina upana wa karibu sentimita 6.8. Kioo cha inchi 6.5 cha umbo refu la siku hizi, lenye uwiano wa 20 kwa 9, kina upana wa sentimita hizo hizo 6.8. Mstari wa maneno haujapata nafasi zaidi. Kilichoongezeka ni mistari mingi zaidi kwenda chini. Mwenye macho mazima anafurahi kuona meseji kumi kwa pamoja badala ya saba. Asiyeona herufi anaona kumi asizoweza kuzisoma.

Herufi zinakuzwa ndani ya simu yenyewe, na hilo halina gharama. Kwenye mipangilio, sehemu inayohusu kioo, kuna mahali pa kuchagua ukubwa wa maandishi na ukubwa wa vitu vinavyoonekana. WhatsApp nayo ina sehemu yake ya kukuza maandishi ya mazungumzo. Simu nyingi za Android zina pia ukuzaji, ambao ukishawashwa mtu anaweza kugusa kioo mara tatu na sehemu aliyogusa ikawa kubwa. Kuongeza mwanga wa kioo na kutoa kava la kioo lililochakaa kwa mikwaruzo kunasaidia pia. Kijana wa nyumbani anaweza kuyafanya yote hayo kwa dakika kumi.

Familia ikishafanya hivyo na mzazi akishapata miwani, ndipo iulize tena kama simu kubwa bado inahitajika.

Wapo wanaoihitaji kweli

Si haki kusema kila anayetaka simu kubwa anataka sifa. Fundi cherehani hutumiwa picha za mishono na wateja, na kwenye kioo kikubwa anaona pindo, mikunjo na mahali zipu ilipokaa. Mwanafunzi anayesoma maswali ya mitihani iliyopita kwenye simu anafaidika na nafasi kubwa. Mzee anayeongea na wajukuu wa mbali kwa video anataka kuwaona sura. Mtu mwenye vidole vinene au vinavyotetemeka hukosea kubonyeza kwenye herufi zilizobanana, na kosa moja kwenye muamala ni hela.

Upande wa pili, simu kubwa ina usumbufu wake. Ni nzito zaidi, haishikiki kwa mkono mmoja, haitoshi kwenye mfuko wa gauni wala pochi ndogo, na kwenye daladala iliyojaa inamvutia kibaka haraka. Ikidondoka, kioo chake mara nyingi ni ghali kubadilisha.

Kuna kipimo rahisi kisicho na gharama. Mtu akate boksi gumu lenye urefu wa sentimita 16 na upana wa 8, ambao ni karibu na ukubwa wa simu nyingi kubwa za sasa. Alishike kama anayeandika meseji, aliweke kwenye pochi anayotembea nayo, alale nalo kando ya mto. Baada ya siku mbili atajua kama kidole gumba kinafika anapotaka kifike.

Anayenunua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo ajumlishe malipo yote hadi mwisho, alinganishe na bei ya kulipa taslimu, na aulize kinachotokea akichelewa, kwa kuwa simu nyingi za namna hiyo hujifunga zenyewe malipo yakikwama. Kwa anayefanya biashara kwa simu, kufungiwa siku mbili ni kupoteza wateja. Anayenunua iliyotumika abonyeze *#06# aone namba ya utambulisho wa simu hiyo, ailinganishe na iliyo kwenye boksi, na adai risiti. Wapo wanaokumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini na walionunua bila kuuliza wakabaki na kipande cha plastiki.

Mazungumzo kabla ya duka

Hata hivyo, somo kubwa katika nyumba ile ya Tandika halikuwa la simu. Mume alitafsiri asichokijua, na mke akaficha asichopaswa kukionea aibu. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, na gharama wakailipa wote.

Mwenzi anapoomba kitu kinachoonekana hakina maana, swali la kwanza liwe: "Hiyo uliyonayo inakushinda nini?" Swali hilo halimshtaki mtu. Likiulizwa kwa utulivu, chumbani na si mbele ya watoto, linatoa majibu ambayo "ya kuongea na nani" haliwezi kuyatoa. La pili ni kama kuna njia nyingine ya kulimaliza tatizo hilo hilo. La tatu ni fedha: itatoka wapi, na nini kitasimama ili ipatikane.

Naye mwenye shida aiseme mapema. Macho kupungua si siri ya kubeba peke yake, hasa kwa mtu anayeshika fedha za familia kwenye simu. Kabla ya kuweka namba ya siri, jina la mpokeaji lisomwe, na kama halisomeki, muamala usubiri. Ikitokea hela imeenda kusikotakiwa, huduma kwa wateja ipigiwe simu papo hapo, na mwenzi aambiwe siku hiyo hiyo. Aibu ya saa moja ni nafuu kuliko miezi miwili ya kushona usiku.

Na mtoto asigeuzwe msomaji wa meseji za wazazi. Binti wa kidato cha pili anaposoma madeni, misiba na maneno ya watu wazima kila jioni, anabeba mzigo usio wa umri wake.

Wale wawili walikwenda kliniki ya macho Jumamosi. Mume alisema yeye ni msindikizaji tu, lakini alipopewa karatasi ya kusoma wakati wanasubiri, naye akanyoosha mkono. Mkewe alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Walirudi nyumbani kila mmoja na miwani yake, na binti akakuza maandishi kwenye simu zote mbili.

Kodi ililipwa kwa wakati. Suala la simu kubwa halikufutwa, kwani wateja wanaendelea kutuma picha za mishono na mama bado anaitaka. Safari hii kuna kibubu juu ya kabati, na wanaoweka humo ni wawili.